Waya wa Darini

Kompyuta iliganda tena asubuhi ile, na Masika akaipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikalia.

"Imekufa?" Tufaha aliuliza kutoka uani.

"Haijafa, mama. Imeganda."

"Tofauti yake nini?"

"Ikifa haiamki. Hii inaamka, ila imesahau kila kitu."

Tufaha aliingia akipangusa mikono kwenye kanga. Juu ya meza palikuwa na ile televisheni ambayo tangu iingie nyumbani haijaonyesha sura ya mtu, maana Tabora hapakuwa na cha kuonyesha. Kazi yake ilikuwa kuonyesha maandishi ya kompyuta, na sasa maandishi yenyewe yalikuwa yamemwagika ovyo kwenye kioo, herufi zimepandana, nyingine zimegeuka vijiti na vidoti. Binti yake alikuwa ameandika tangu umeme urudi. Bidhaa, bei, na hesabu ambazo mashine ilitakiwa ijipigie yenyewe. Vyote vimekwenda.

"Anza tena, mwanangu."

"Nimeshaanza tena mara ngapi?" Masika alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Mwanajuma anaondoka Alhamisi."

Tufaha alivisogeza vikombe mbali naye. Alijua Alhamisi ilivyokuwa na maana. Kaka yake Ghalibu, aliyekuwa karani Maskati, ndiye aliyeileta kompyuta ile kwa mikono ya wasafiri, imeviringishwa ndani ya mablanketi. Ofisini kwao walitaka msichana anayejua Kiswahili na Kiarabu na anayeweza kuendesha chombo cha namna hiyo. Ghalibu akamtaja mpwa wake. Mkubwa wake akasema sawa, lakini aone kazi yake kwanza. Masika aitengeneze, aihifadhi kwenye kaseti, aitume. Mwanajuma alikuwa anamfuata mumewe huko huko. Angepanda treni ya Dar es Salaam Alhamisi, na kaseti ingekuwa mkobani mwake. Hakuna mwingine aliyekuwa anasafiri kabla ya mwisho wa mwezi.

Masika hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Kompyuta ilikuja na kitabu cha Kiingereza, na mwishoni mwa kitabu palikuwa na sura inayoeleza la kufanya chombo kikigoma. Aliifuata sura ile kama mtu anayepekua nguo kutafuta chawa. Alianza na joto, maana ilikuwa Oktoba, mvua hazijafika na bati linatoa sauti kwa jua. Akaihamisha meza ukumbini kwenye upepo, akatandika kitambaa kibichi chini yake. Ikaganda. Akachomoa nyaya zote, akazifuta, akazirudisha. Ikaganda. Akashuku kinasa sauti kinachohifadhi kazi kwenye kaseti, akakitenga kabisa. Ikaganda. Akaipuliza vumbi, akaipumzisha, akaiwasha bila kuandika kitu, aiangalie tu. Ikakaa vizuri, ikamtia moyo, kisha ikaganda mbele ya macho yake huku hajaigusa.

Wala kukesha nayo kusingesaidia. Siku zile dizeli ya mitambo ilikuwa adimu, na mji ulipata umeme tangu asubuhi mpaka magharibi tu.

* * *

Mchana ule balozi wa nyumba kumi, Yahaya, alibisha hodi huku tayari ameingia.

"Shemeji, hamjambo humu?"

"Hatujambo," Tufaha alisema.

"Shikamoo," Masika alisema bila kumtazama.

"Marahaba, binti wa marehemu." Yahaya alivuta kiti cha mkono, kile alichopenda kukalia Soud, mume wa Tufaha, enzi za uhai wake, akakaa. Nguo zake zilikuwa na unga mabegani. Nyumba yake na ile ya Tufaha zilipakana ukuta kwa ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo alikuwa amefunga mashine ndogo ya kusaga. Mtaa mzima ulimwimbia sifa, kwa kuwa mashine nyingine zilikuwa za dizeli na zilishinda zimefungwa. Yake ilikuwa ya umeme.

"Nasikia mna chombo cha Kiarabu," alisema, akiiangalia kompyuta kwa pembe ya jicho. "Mmekiandikisha?"

"Ni cha kusomea," Tufaha alisema.

"Mimi najua ni cha kusomea. Nasema wengine wasije wakafikiri vingine. Unajua watu, shemeji. Nyumba iliyokwisha kupata doa, watu huiangalia." Akacheka kidogo. "Lakini mimi nipo. Sikuja kwa hilo. Jumamosi Katibu Kata anakuja kuiona mashine yangu. Wanataka kuitaja kama mfano wa kujitegemea, na mimi wananiweka kwenye uongozi wa tawi. Sasa wageni wale hawawezi kukaa kwenye magogo. Nikasema shemeji ana viti vya marehemu."

Masika alimwangalia mama yake.

"Utawatuma vijana wavichukue," Tufaha alisema.

"Ahsante. Ndiyo maana nakuheshimu. Wewe huna kinyongo."

Alipoondoka, Tufaha alichukua kitambaa akakifuta kiti alichokalia, akakifuta tena, kisha akakitoa uani akakiacha juani.

Mwaka juzi, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ni Yahaya aliyewaongoza mgambo mpaka chumbani kwa Tufaha. Hawakupekua sebuleni wala stoo. Walikwenda moja kwa moja chini ya kitanda, walipokuwa doti za kanga na katoni ya sabuni, vitu ambavyo baadhi yake mke wa Yahaya mwenyewe alikuwa amekopeshwa wiki iliyotangulia. Soud alitolewa nje akiwa na singlendi, mbele ya majirani, katoni ya sabuni kichwani. Alifia mahabusu kabla hajasomewa shitaka. Nyumba ikafungwa, Tufaha akaenda kukaa eda kwao Bukene, na funguo zikawekwa kwa balozi. Kwa usalama.

* * *

Ukurasa wa mwisho wa sura ile ya kitabu ulisema: kagua umeme wenyewe.

"Wanasema umeme ukinywea ghafla, hata kidogo tu, kompyuta inapoteza akili," Masika alieleza. Alitafuta balbu, akaifunga kando ya televisheni, akaketi mikono mapajani. Tufaha naye akaketi. Wakaitazama balbu.

Upande wa pili wa ukuta wakasikia mteja akimwaga mahindi, kisha mashine ya kusaga ikanguruma kuanza. Balbu ikafifia, ikawa nyekundu, ikarudi. Kwenye kioo herufi zilikuwa zimeshapandana.

"Umeona?"

"Nimeona. Washa tena."

Akawasha tena. Mashine ya Yahaya ilizimwa, mteja akalipa, akaja mwingine, ikawashwa. Balbu ikafifia. Kompyuta ikaganda.

"Ni mashine ya Balozi," Masika alisema, akihema kama aliyekimbia. "Kila akiiwasha inavuta umeme."

"Umeme wa mtaa mzima?"

Masika akafikiri. Akavuka barabara, akaingia duka la mbele, akajifanya anachagua uzi wa kushonea huku anaitazama taa yao mpaka mashine ilipowashwa tena. Akarudi mikono mitupu.

"Yao haikutikisika."

Tufaha aliinuka. Alikwenda kwenye kona ya ukumbi ilipokuwa mita, akashika swichi kubwa ya nyumba, akaishusha.

Ng'ambo ya ukuta mashine ya kusaga iliguna, ikalegea, ikafa.

"Umeme umekatika!" sauti ya mwanamke ililalama kule. "Na mahindi yangu yamo ndani!"

Tufaha alipandisha swichi. Mashine ikafufuka. Akaishusha. Ikafa. Alisimama pale mkono juu ya swichi, na Masika aliona kitu usoni mwa mama yake ambacho hakukiona tangu msiba. Alikuwa anatabasamu.

Masika alipanda juu ya kabati, akasukuma ubao wa dari, akaingiza kichwa na tochi. Waya mweusi, mnene kama kidole gumba, ulitoka nyuma ya mita yao, ukalala juu ya mbao, ukapenya tundu lililotobolewa ukutani. Ulikuwa umeshajaa utando wa buibui.

"Nauona," alisema kutoka juu. "Mama, tumekuwa tukimlipia umeme! Nipe koleo niukate."

"Teremka."

"Nipe koleo, nina siku mbili, nikianza sasa nitamaliza!"

"Masika. Teremka. Usiuguse."

Alishuka, vumbi kwenye nyusi. Tufaha alikuwa ameshakaa, na sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Ukiukata leo, yeye atauvuta upande wake, tundu ataliziba kwa udongo, na Jumamosi atapewa uongozi. Tukienda kushitaki, maelezo yataandikwa na nani? Balozi. Mita ni yetu, jina ni la baba yako. Atasema tulimuuzia umeme kwa magendo, na nyumba hii tayari ina doa, mwenyewe kasema. Lazima ukutwe pale pale. Mbele ya watu, kama walivyomkuta baba yako."

"Basi niipeleke kompyuta dukani pale mbele nifanyie kazi kwao."

"Wataniuliza kwa nini, na mtaa huu hauna siri. Atanusa."

"Na kaseti?"

Tufaha alianza kuifuta meza kwa ncha ya kanga.

"Mama, nakuuliza. Na kaseti?"

"Baba yako alifia sakafuni," Tufaha alisema. "Nilipokwenda kumpigia magoti yule mtu amwombee walau dawa, alikuwa anakula. Hakuacha kula. Aliniambia nirudi ofisi ikifunguliwa. Nimeamkiana naye mwaka wa pili huu, Masika. Leo amekuja kuniomba viti. Siwezi kuuacha waya huu. Siwezi."

Masika alirudi mezani. Jumatano nzima alipigana na kompyuta, akijaribu kupenya katikati ya mteja na mteja, akiandika mistari michache na kukimbilia kuihifadhi. Kuhifadhi kwenye kaseti kulitaka utulivu na kulikwenda polepole, na kila mara mashine ya kusaga ilimkuta njiani. Tufaha alikuwa uani akichambua mchele. Alisikia kila mnguruko, na baada ya kila mnguruko alisikia binti yake akivuta pumzi. Hakwenda kwenye kabati lenye koleo.

Alhamisi Mwanajuma alipita na mizigo yake kuwaaga.

"Haya, iko wapi hiyo amana?"

"Haijawa tayari," Masika alisema. "Safari njema, dada."

* * *

Jumamosi viti vya Soud vilipangwa kwa mstari mbele ya kibanda cha Yahaya. Katibu Kata, bwana Eustace, alikalia kile cha mkono. Wanawake walisimama na madebe yao, watoto wakining'inia ukutani, na Yahaya alikuwa amevaa shati jeupe lisilo hata punje ya unga. Mgambo Twalibu alisimama kando na rungu lake. Ndiye aliyeinua godoro la Tufaha mwaka juzi.

"Ndugu Katibu," Yahaya alianza, "wengine wanakaa wanalia dizeli hakuna, dizeli hakuna. Mimi nikasema, kwa nini tusitumie akili zetu? Mashine hii nimeifunga kwa jasho langu mwenyewe. Haitegemei mtu!"

Watu wakapiga makofi. Akaiwasha. Ikanguruma, unga ukaanza kumiminika, na mwenye debe, mama mmoja aitwaye Sikuzani, akapiga kigelegele.

Mashine ikafa.

"Hitilafu ndogo," Yahaya alisema, akitabasamu. Akashika swichi yake, akaitikisa. Mashine ikaamka. Akageuka kuwakabili wageni, akafungua kinywa, ikafa. Ikaamka. Ikafa. Watoto walianza kucheka, na kila ilipokufa walipiga kelele kama kwenye mpira.

"Ni umeme wa mji huu, Ndugu Katibu, unajua tena..."

"Si umeme wa mji," Tufaha alisema.

Alikuwa ametokea mlangoni kwake, amejifunga kanga vizuri, mtandio kichwani. Kelele zikapungua.

"Ndugu Katibu, samahani kwa kukukatiza. Anayeizima mashine hii ni binti yangu. Yuko nyumbani kwangu, kwenye swichi ya nyumba yangu. Masika! Washa!"

Mashine ikanguruma.

"Zima!"

Ikanyamaza. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Shemeji anatania," Yahaya alisema. Jasho lilikuwa limeshalowesha ukosi wa lile shati jeupe. "Mambo ya ndani haya, tutayazungumza."

"Tuyazungumze hapa hapa. Kuna waya juu ya dari yangu. Sijaugusa. Twalibu, wewe chumba changu unakijua, huhitaji kuonyeshwa njia. Ingia ukaulete."

Twalibu alimwangalia Katibu. Katibu aliitikia kwa kichwa. Watu wakasubiri kwenye jua, na kutoka ndani wakasikia mbao zikivunjika. Twalibu alipotoka alikuwa na utando wa buibui kwenye kofia na waya mikononi, na waya ule aliouvuta ulikwenda ukiichana plasta ya ukuta mpaka kwenye mota ya Yahaya, kila mtu anaona.

"Aliniruhusu!" Yahaya alipaza sauti. "Muulizeni! Alinipa ruhusa kwa kinywa chake!"

"Lini?" Tufaha aliuliza.

"Mwaka juzi, mashine ilipofika."

"Mwaka juzi nilikuwa Bukene nakaa eda. Nyumba ilikuwa imefungwa. Funguo alikuwa nazo nani?"

Yahaya alijipangusa jasho. Hakuna aliyehitaji ajibu. Wote walikuwa wanajua. Batuli, mkewe, aliyesimama na sinia la vitafunwa vya wageni, aliliweka chini taratibu.

Katibu Kata aliinuka kwenye kiti, akaipangusa suruali yake kana kwamba alikuwa amekalia kitu kichafu. "Bwana Yahaya, utafuatana na mgambo mpaka kituoni. Mambo ya tawi tumeyaahirisha."

"Kwanza avue viatu," Tufaha alisema.

"Nini?"

"Mume wangu alipelekwa pekupeku. Na mzigo wake akabebeshwa kichwani ili watu wauone. Mimi sijui sheria, Ndugu Katibu. Nauliza tu kama ulikuwa utaratibu, au alifanyiwa yeye peke yake."

Katibu aliangalia kando. Twalibu aliangalia chini, na labda aliikumbuka ile katoni ya sabuni, kwa sababu aliuviringisha waya, akamkabidhi Yahaya. Mwanamume yule aliyepaza sauti mtaani kwa miaka alitembea katikati ya wanawake na madebe yao akiwa pekupeku, waya mweusi umemzunguka mabega. Watoto walimfuata mpaka barabara kubwa.

Tufaha alisimama akamtazama mpaka alipopotea. Ilikuwa tamu. Hakujidanganya juu ya hilo, wala hakutafuta jina jingine la kuliita. Kisha akaanza kuingiza viti ndani.

* * *

Batuli alikuja keshoye, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Bi Tufaha, nimekuja miguuni pako. Ana presha. Hajalala, hajala. Ukisema tu kwamba ulimruhusu, watamwachia leo."

"Sikumruhusu."

"Najua hukumruhusu. Nakuomba useme."

Tufaha alimtazama mwanamke huyu, ambaye walikuwa wakipeana moto na chumvi juu ya ukuta. "Batuli, vile vitu vilikuwa chini ya kitanda. Aliyejua ni wewe."

Batuli alifunika uso kwa mtandio. "Aliniuliza nimepata wapi kanga. Nikamjibu. Ni mume wangu. Sikujua atafanya nini."

"Nami sikuwa na hakika kuwa ni wewe, mpaka sasa hivi uliponiambia." Tufaha alisimama, akaufungua mlango. "Mpelekee uji. Usiutie sukari nyingi kama ana presha."

Nyumba ilikuwa kimya siku zile. Hakuna mnguruko ukutani, hakuna balbu inayofifia. Kompyuta ilikaa imewashwa kutwa nzima bila kuganda hata mara moja, na Masika akaimaliza kazi yake, akaihifadhi kwenye kaseti, akaisikiliza kaseti ikilia milio yake ya ajabu, akairudia ya pili kwa tahadhari. Alikuwa anaandika jina lake juu ya ganda la kaseti pale mtu wa posta alipoleta simu ya maandishi kutoka kwa Ghalibu. Mwanajuma amefika mikono mitupu. Mkubwa wa ofisi amechukua msichana mwingine.

Tufaha aliisoma, akaikunja, akaifungua akaisoma tena.

"Mwanza kuna kiwanda cha nguo, wanasema wameleta kompyuta," Masika alisema. "Nitakwenda kuwaonyesha hii. Nitafikia kwa shangazi."

"Watakuwa na televisheni ya kuisomea?"

"Sijui, mama. Nitauliza."

Walikwenda stesheni wakiwa wamebeba kompyuta katikati yao, imerudi kwenye mablanketi yake. Behewa la daraja la tatu lilikuwa limeshajaa, wasafiri wa Bukene na wa mbele zaidi wakipitisha kuku na vikapu madirishani. Masika alipata nafasi ya kukaa, mzigo mapajani. Tufaha alisimama chini ya dirisha.

"Una hasira na mimi?"

Masika aliinama dirishani. "Nilipokuwa kwenye ile swichi, uliposema zima, nilizima kwa moyo wangu wote. Nilifurahi, mama. Halafu nikarudi mezani, na Mwanajuma alikuwa ameshakwenda." Aliurekebisha mzigo. "Nina hasira, ndiyo. Itapungua. Lakini nikingoja ipungue nyumbani, nitazeeka nayo pale."

"Uandike ukifika."

"Nitaandika."

Treni ilipotoka Tufaha alirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa na wanawake wengi, madebe vichwani, wakielekea, sasa kwa kuwa ya Yahaya haisagi, mashine ya mbali upande wa pili wa mji, ambako walisikia kumepatikana dizeli. Wengi walimpita kimya. Mbele yao alikuwa Sikuzani, mtoto mgongoni, shingo imekaza chini ya mzigo.

"Mwangaluka, mayo," Tufaha alimsalimu, kwa salamu ya kwao Sikuzani.

Sikuzani aligeuza uso upande wa pili, akataka kupita.

Tufaha alisogea, akasimama katikati ya njia. Hakuwa na hasira naye. Mwanamke huyu alikuwa na haki ya kuchoka, na debe lile lilikuwa zito. Lakini Soud alipotolewa na katoni kichwani walikuwapo wote, pamoja na huyu, na siku ile pia waligeuza nyuso.

"Nimekusalimu, Sikuzani."

Wenzake walisimama nyuma yake. Mtoto mgongoni alilia kidogo, akanyamaza. Tufaha alingoja, mikono imetulia juu ya kanga yake, mpaka mwanamke yule alipolishika debe kwa mikono miwili, akamtazama machoni, akaitikia.

Ndipo akampisha.